Daftari la mahudhurio na mwezi wa ziwani

Mwaka 2017 nilihamishiwa shule moja ya msingi Kigoma mjini, upande wa ziwani, karibu na Kibirizi. Nilikuwa nimetoka Kasulu, kwetu, ambako mtoto akikosa shule huna haja ya kuuliza: mvua zimeanza, yuko shambani. Kibirizi sikuelewa. Darasa langu la tano lilikuwa na watoto zaidi ya 90. Wiki moja wamebanana wanne wanne kwenye dawati, wiki nyingine madawati yana nafasi tele na daftari la mahudhurio limejaa alama za wasiofika. Nikasema huu ni utoro. Waliporudi niliwapa adhabu ya kufyeka nyasi nyuma ya vyoo, nikajiona mwalimu makini.

Aliyenitoa tongotongo ni mwalimu mmoja mzee, mwenyeji wa Ujiji, aliyebakiza miaka miwili kustaafu. Alichukua daftari langu, akapitisha kidole kwenye tarehe, akacheka. "Mwalimu, wewe usiku hutoki nje? Tazama mwezi."

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Giza likiwa nene, dagaa hukusanyika kwenye mwanga na wavuvi hupandisha nyavu. Mwezi ukipevuka, ziwa zima linang'aa, dagaa hawana haja ya taa ya mtu, na mitumbwi hulala mwaloni, pale ufukweni inapotia nanga, siku kadhaa. Hiyo ndiyo mbalamwezi. Basi zile wiki za giza, watoto wangu walikuwa mchangani tangu alfajiri: wanabeba mabeseni, wanaanika, wanageuza, wanafukuza kunguru, wanaanua wingu likitanda. Wiki ya mbalamwezi walirudi darasani wote, na njaa juu, maana nyumbani hakuna aliyeingiza kitu. Daftari langu lilikuwa kalenda ya ziwa na mimi nilikuwa nikilisoma kama orodha ya wakosaji.

Kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Mama Pacha, ambaye wanawe wawili walikuwa darasani kwangu. Siku moja walikuja na sare zilizochanika hadi mtoto wa kike akawa anatembea akijishika nyuma kwa mkono. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari 2016, ila sare na madaftari bado ni juu ya mzazi. Nikaingia dukani, nikanunua sare mbili na viatu. Moyo ulinikunjuka sana. Mwezi uliofuata, giza lilipoingia, pacha hawakuonekana, wala mmoja. Nikakasirika, nasema ukweli. Nilikwenda Kibirizi na hasira ya mtu aliyetoa chake.

Nilimkuta akiuza dagaa wabichi, beseni zima, kwa mfanyabiashara wa kutoka mjini. Saa tatu asubuhi. Mbingu ilikuwa nzito upande wa Kongo. Alinisalimu vizuri, nami nikamuuliza kwa sauti isiyo nzuri: hivi unauza wabichi kwa bei hiyo ya kutupa, kwa nini usianike? Kila mtu hapa anajua wakavu ndio wenye hela.

"Mwalimu," akasema, "mvua hiyo inakuja. Beseni nimekopa kwa mwenye mtumbwi, anataka hela yake leo. Turubai sina, na nyumba yangu ni chumba kimoja, nalala humo na watoto wanne. Nikianika wakanyeshewa, watakuwa chakula cha kuku. Wewe ungefanyaje?"

Sikuwa na jibu. Yule mfanyabiashara alilipa, akapakia, akaondoka. Alikuwa na banda la bati. Dagaa wale wale wangekauka kwake siku mbili tatu, wangekaa kwenye magunia mpaka mbalamwezi, kisha wangepanda bei na kupanda gari kwenda Dar es Salaam. Faida yote ilikuwa kwenye zile siku. Mama Pacha alijua kuvua dagaa kunavyokwenda, alijua kuanika kuliko wote, alijua bei ya Tabora na bei ya Dar. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kungoja.

Nililiweka hilo kichwani lakini, niseme ukweli, halikuingia. Lilikuja kuniingia miaka miwili baadaye, kwa njia ya kuumiza.

Mama yangu aliugua Kasulu mwaka 2019, katikati ya mwezi. Mshahara ulikuwa umeisha. Nilikwenda kwa watu wa mikopo ya mtaani, hii ambayo Watanzania tumeipa jina lake halisi, kausha damu. Nikachukua 300,000. Riba asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ikawa kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Walimu wanaosoma hapa wanajua ninachosema, na wengine kadi zao ziko kwenye droo ya mtu hivi ninavyoandika. Kila mwisho wa mwezi walitoa 90,000 yao kwanza, halafu wananipa kadi nitoe kilichobaki mbele yao, kisha wanaichukua tena. Deni lenyewe halikupungua hata shilingi. Baada ya miezi 11 nilikuwa nimelipa 990,000 na bado nadaiwa 300,000.

Mimi ni mtu wa hesabu. Nafundisha riba darasani! Nilishindwa kutoka kwa sababu sikuwahi kuwa na 300,000 kwa siku moja. Kila nilipokaribia, 90,000 ilikuwa imeshakwenda.

Aliyenitoa ni fundi cherehani wa Mwanga, mzee ambaye nilikuwa nimepanga chumba kwake nilipohamia. Hana mali ya kutisha. Ana cherehani mbili na vyumba vitatu vya kupangisha. Alisikia nikilia kwenye simu na dada yangu. Jioni akaniita, akanihesabia noti mezani, mpaka nyingine zilikuwa za elfu mbili mbili. "Kachukue kadi yako. Mimi utanipa elfu hamsini kila mwezi, miezi sita. Ukichelewa uniambie kabla, usinikimbie." Riba hakutaja. Nilipomaliza kumlipa alisema tu, haya, sasa ni zamu ya mtu mwingine, akarudi kwenye cherehani yake.

Nimewahi kukaa na kupima. Kama mzee yule angenipa 50,000 ya zawadi siku ile, ningeshukuru sana na ningebaki kwenye shimo. Alichonipa ni miezi sita. Na yeye hela yake ilirudi yote.

Baada ya hapo nikawa najiona nimejifunza, mpaka tulipomwua Mama Chai. Sikusudii kuua kwa maana ya kuua, jamani, yupo na ni mzima. Lakini tulikaribia kuiua biashara yake.

Alikuwa akileta chai na maandazi shuleni saa nne. Jumanne moja hakuja. Ofisini tukalalamika, mmoja akasema wafanyabiashara wadogo hawana uaminifu. Jumatano hakuja. Alhamisi nikapita kwake. Nikakuta sufuria kubwa haipo na godoro limechukuliwa. Alikuwa amekopa kausha damu 100,000 ya unga, sukari na mafuta, akachelewa wiki moja, wakaja na toroli.

"Kwa nini ulikopa, mama? Si unauza kila siku?"

Hakunijibu kwa mdomo. Akaingia ndani akatoka na kidaftari chenye madoa ya mafuta. Majina yetu yote yalikuwa mle. Mimi mwenyewe, 23,500. Tulikuwa walimu 11, na tulipojumlisha ikawa 187,000. Kila siku tulikuwa tukisema "niandikie", kwa sauti ya upole kabisa, na wengine tukimtania. Mwisho wa mwezi tunalipa kidogo, au tunapita njia ya nyuma. Sisi wenye mshahara wa serikali tulikuwa tumekalia mtaji wake wote, halafu yeye akaenda kukopa kwa riba ili aendelee kutukopesha sisi bila riba.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilirudi ofisini na kile kidaftari nikakiweka katikati ya meza. Kulikuwa na kimya, kisha kelele, mmoja akasema namdhalilisha mbele ya wenzake. Lakini wiki hiyo hiyo tulilipa, karibu wote. Na tukakubaliana kitu kimoja ambacho mpaka leo kinaendelea: siku mshahara unapoingia, kila mwalimu anamlipa Mama Chai ya mwezi mzima mbele. Ukisafiri, anakuhesabia siku zako. Kabla ya hapo alikuwa ananunua ngano kilo mbili mbili dukani kwa jirani, bei ya rejareja. Mwezi wa kwanza alinunua mfuko wa kilo 25 na mafuta dumu zima. Andazi halikupanda bei, likaongezeka ukubwa. Hakuna aliyetoa msaada hapo. Tulinywa chai ile ile.

Tangu siku hiyo nikianza kusikia watu kwenye vikao wakijadili namna ya kuwasaidia maskini, natamani kwanza kila mtu ataje anaowadai na wanaomdai. Dada wa kazi amelipwa lini mara ya mwisho? Fundi aliyejenga choo amemaliziwa? Yule kijana wa kuteka maji? Tunachangia harusi ya mtu tusiyemjua vizuri, kadi ya laki moja, huku mfua nguo anazungushwa wiki tatu kwa 8,000. Mimi pia nimechangia, sijitoi.

Kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nilijiunga 2020. Kilikuwa cha walimu na wauguzi, hisa moja 5,000. Nikamwalika Mama Pacha, akahudhuria mara mbili akaacha. Nikamfuata. Akaniambia kwa adabu kwamba hisa ni kubwa, na siku ya marejesho ya kila wiki haijui kama ziwa limetoa au halikutoa. "Mkinidai mbalamwezi nitawalipa na nini? Nitakwenda kukopa nje nije kuwalipa nyie."

Basi tukaanzisha kingine kulekule Kibirizi, wanawake 24, hisa 1,000. Mimi nilikuwa katibu kwa sababu naandika haraka, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo. Suala la marejesho lilitatuliwa na bibi mmoja ambaye hajui kusoma. Wengi pale ni Waislamu, na kalenda ya mwezi mwandamo wanayo kichwani. Bibi akasema: tusidai kwa tarehe za Mwalimu, tudai kwa tarehe za mwezi. Kuanzia tarehe 11 ya mwezi mwandamo mpaka 19 hakuna kudaiwa, mwezi ni mpevu. Baada ya hapo, giza likirudi, kila mtu alete. Na riba wakaikataa, wakasema ni haramu. Aliyekopa anaweka ada ndogo isiyobadilika kwenye mfuko wa jamii, awe amekopa nyingi au kidogo. Mtaalamu wa fedha angetikisa kichwa. Miaka miwili ya kwanza, kila tulipovunja kikoba, yaani kugawana akiba, hakuna aliyekuwa hajarejesha, isipokuwa mmoja aliyehama, naye dada yake akamlipia.

Baadaye tulikwenda kusajiliwa halmashauri, maana tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa. Hapo ndipo niligundua kazi nyingine ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifanya bila kutoa senti. Kuandika katiba ya kikundi. Kujaza fomu. Kuwapigia simu maofisa kwa lugha yao. Ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani nne za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu, inapita juu ya vichwa vya watu wengi kwa sababu hakuna wa kuwaandikia karatasi. Ilisimamishwa 2023 ikarejeshwa 2024, na iliporejea nilikaa Jumamosi nne barazani kwangu nikiandikia vikundi. Vingine havikupata. Kimoja cha vijana kilipata kikagawana hela kama sadaka ya Idi, na mimi ndiye niliyewaandikia andiko, kwa hiyo nilisikia maneno mtaani.

Kuhusu vichanja, hapo tulichemka. Tulikuwa tumesikia kwamba dagaa wakianikwa juu ya vichanja vya wavu hukauka safi, hawali mchanga, na bei inakuwa nzuri. Ni kweli. Tukachanga, tukanunua mirunda na nyavu, tukajenga vitatu kwa mbwembwe. Hatukuwauliza wenye mitumbwi. Kumbe tulipojenga ndipo wanapovutia mitumbwi yao nchi kavu upepo ukichafuka. Usiku mmoja wa upepo vikaenda vyote, na mirunda iliyobaki ikaishia kwenye mafiga ya watu. Hatukulaumu mtu. Hela iliyobaki tulinunua maturubai sita, na hayo ndiyo yaliyoleta mabadiliko. Turubai linaweza kubebwa. Mvua ikija unafunika, jua likirudi unafunua. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kuazima.

Mahali pa kuweka magunia nilitoa chumba changu cha uani. Mume wangu alivumilia wiki mbili, kisha akaniuliza kama tumehamia mwaloni. Harufu ilifika kwenye mashuka. Gunia moja lilipata unyevu likavunda, na lilikuwa la mjane mmoja, si langu. Nilimlipa nusu na nusu tukaitoa kwenye mfuko wa jamii. Panya nao ni habari nyingine. Lakini kwa mara ya kwanza wanawake wale waliuza wakati wa mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imelala, wakitaja bei wao.

Halafu ukaja mwaka 2024. Ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sibishi uamuzi, wazee wenyewe wanasema dagaa wamepungua. Ila mbalamwezi ya miezi mitatu haijawahi kuonekana. Waliokuwa na magunia waliuza Juni kwa bei nzuri mno. Wasiokuwa nayo, yaani wengi, vibarua wa mitumbwi na waanikaji wa kutwa, hao waliisha. Darasani kwangu hakukuwa na mtoro hata mmoja, daftari zuri kuliko miaka yote, na ilipofika saa tano watoto walikuwa wanasinzia juu ya madawati.

Mambo yaliyowavusha yalikuwa madogo, sijui hata kama kuna mtu aliyaandika popote. Mama Chai alibaki na uji wa lishe kidogo kila siku, akawa anaugawa kwa watoto waliokaa karibu na mlango, na mwisho wa mwezi tukampa hela ya unga. Mwenye duka mmoja wa Kibirizi alifungua ukurasa kwa kila nyumba, unga na mafuta ya taa tu, soda na sigara hapana. Na baba mmoja mwenye vyumba vinne vya kupangisha aliwaambia wapangaji wake wote wavuvi kwamba kodi itasubiri mpaka Septemba. Nilimuuliza kama haogopi. Akasema mvuvi ukimfukuza Juni hutamwona tena maishani, na ukimwacha hadi Septemba atakulipa akiwa na magamba mikononi. Wapangaji wote wanne walibaki. Mmoja alilipa kwa samaki, migebuka, na mzee akakubali.

Nyumbani kwetu nako nimeona jambo hilo hilo kwa sura nyingine. Mjomba wangu ana ekari mbili upande wa vijijini, za michikichi ya mawese. Serikali ilipohimiza upya michikichi Kigoma mwaka 2018, alipata miche mipya ya Tenera, ile yenye nyama nyingi na ganda la kokwa jembamba kuliko michikichi ya zamani. Mche huo unataka miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa. Majirani zake kadhaa waliacha, wakauza miche, maana miaka mitatu huli nini? Yeye alipanda maharage katikati ya mistari, na sisi wajukuu na wapwa, saba, tukawa tunampelekea 10,000 kila mmoja kwa mwezi ya palizi. Tulikuwa tukimtumia hela za Idi na Krismasi kwa miaka mingi bila kuona zinakokwenda. Siku hizi anatutumia mawese yeye.

Pacha walimaliza darasa la saba. Wa kike aliendelea na sekondari. Wa kiume alifeli, yuko mwaloni, na hilo linanichoma bado. Sina hadithi nzuri zaidi ya hapo.

Mwezi uliopita nilitaka dagaa wa kumpelekea wifi yangu Tabora. Nikateremka Kibirizi mapema, tarehe 8 ya mwezi mwandamo, mwezi bado haujapevuka. Mama Pacha alikuwa ameanika, turubai limekunjwa pembeni, lake sasa, si la kikundi. Nikamwomba aniuzie sado tatu, nikataja bei. Akatazama juu, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mwalimu, kwa bei hiyo siuzi leo. Ngoja."